Damu ya Neema, Udongo wa Shangazi

Itigi. Alhamisi, Septemba. Upepo mkavu tangu alfajiri, vumbi mpaka kwenye meno.

Leo nimempiga mtu. Nina miaka sabini na moja. Nimefundisha sayansi shule ya msingi karibu maisha yangu yote ya kazi, na sikuwahi kumchapa mtoto, hata enzi ambazo mwalimu asiye na fimbo alionekana mgonjwa. Leo asubuhi nimemvunjia mkongojo mume wa mjukuu wangu begani. Mkongojo ulipokatika nilisikitika kwa jambo moja tu: nilibaki na kipande kifupi mno.

Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya wodi ya wazazi. Kitenge changu kina damu upande wa goti, imekauka na kuwa ngumu kama ngozi. Si damu yangu. Mjukuu wangu Neema yuko ndani, nyuma ya mlango wenye kioo cha ukungu, na hajaamka.

Wachache mnaoisoma shajara yangu hii mtandaoni mmezoea nikiandika habari za mvua, vitabu na treni zinazochelewa. Leo sina hizo.

Neema ni mtoto wa binti yangu marehemu. Nimemlea mimi. Mwaka jana aliolewa na Elia, mrina asali, kijana mchapakazi ambaye mpaka jana ningemsifia kwa yeyote. Wanakaa nyumba ya pili kutoka kwangu, uwanja mmoja na mama yake Elia. Hii ni mimba ya kwanza ya Neema, wiki ya thelathini na moja.

Wiki mbili zilizopita nilimpeleka mjini, hospitali kubwa, kupimwa damu. Nilimpeleka mimi. Hilo lishikwe vizuri, maana ndilo lililonirudia leo kama jiwe.

Kliniki ya hapa walikuwa wamempima kama kawaida. Presha nzuri, mkojo safi. Lakini nilikuwa nimesoma kwamba kifafa cha mimba huanza kwenye kondo la nyuma zamani kabla presha haijapanda. Kondo lisipojishikiza vizuri humwaga kwenye damu ya mama protini inayoidhuru mishipa, na ile protini nyingine, inayoisaidia mishipa ikue, hupungua. Maabara inaweza kuzipima zote mbili na kuzilinganisha. Kipimo hakisemi kwamba mama ataugua lazima. Kinasema huyu achungwe kwa karibu, au huyu kwa sasa tulieni. Mtu anaonekana mzima kabisa, anacheka, anasonga ugali, na damu yake tayari inajua.

Niliposoma hayo nilifunga kompyuta. Sababu nitaisema.

Siku ile ya kupimwa Neema aligeuza uso ukutani sindano ilipoingia.

"Bibi, vichupa vyote hivyo? Wataniachia ya kurudia nyumbani?"

"Tunakuachia ya kupandia basi," nesi akamjibu, na wote watatu tukacheka. Nesi huyo anaitwa Zaituni. Aliandika namba ya simu ya Elia kwenye fomu, kwa kuwa simu ya Neema ilikuwa imevunjika kioo.

Leo saa tatu asubuhi nesi Zaituni alipiga. Alimwambia Elia maneno machache, na Elia mwenyewe ameyarudia mbele yangu: majibu ya damu ya mkeo yametoka, siyo mazuri, njoo naye leo hii, na wewe uwepo. Kisha mtandao ukakatika.

Hapa kwetu ukiambiwa majibu ya damu siyo mazuri na uje na mwenza wako, hakuna anayeuliza ni majibu ya nini. Kwa miaka mingi simu ya namna hiyo imekuwa na maana moja, ukimwi. Na Elia na Neema walipima pamoja siku ya kwanza ya kliniki, wakakutwa salama wote wawili. Kwa hiyo Elia alipiga hesabu yake pale pale, akiwa na simu mkononi. Kama mwanzoni walikuwa salama na sasa siyo mazuri, basi mke wake ametoka nje, tena akiwa na mimba.

Hakumuuliza. Alivua mkanda.

Mimi nilikuwa nachambua mchicha mlangoni. Sauti ya Neema naijua tangu akiwa na siku moja, naijua ikiita, ikilia, ikidanganya. Hii sikuwahi kuisikia. Nilikwenda kadiri magoti yalivyoniruhusu.

Nilimkuta uwanjani, amejikunja chini karibu na mafiga ya nje, mikono yote miwili amekumbatia tumbo, mgongo ameutoa. Alikuwa amechagua. Alimpa mgongo ili asimpe mtoto. Elia alikuwa ameushika mkanda upande wa ngozi, chuma ndicho kilichokuwa kinashuka. Gauni lilikuwa limechanika sehemu tatu na kila sehemu ilikuwa nyekundu. Mama Elia alisimama mlango wa jikoni, anapiga kelele kwa Kinyaturu na Kiswahili, na Kiswahili chake kilikuwa hiki: "Aseme! Mwache aseme ameutoa wapi!" Majirani wanane, labda kumi, walikuwa wamesimama. Mmoja alikuwa anapiga picha kwa simu.

"Elia!" nikasema.

"Bibi, toka. Haya ni ya ndani kwangu."

"Ana mtoto wako tumboni."

"Wangu? Nani amekwambia ni wangu?"

Akainua mkono tena. Hapo ndipo nikampiga. Sikufikiri. Nilimpiga kwa mikono miwili, kama mtu anayepura alizeti, mkongojo ukakatika, na nikampiga tena kwa kipande kilichobaki, mdomoni. Damu iliyo kwenye goti langu ni ya Neema. Iliyo kwenye mkono wa blauzi ni ya Elia.

Jirani mmoja akanishika mikono kwa nyuma. Mama Elia akashuka kutoka jikoni.

"Kwani huyu binti alikuwa anaumwa?" aliwauliza watu wote. "Semeni! Alikuwa mzima, anakula, ananenepa, mmemuona wenyewe! Nani alimpeleka kutolewa damu?"

Halafu sauti ndogo ikatoka karibu na pipa la maji. Ni Tumaini, mdogo wake Elia, yuko darasa la nne, ana miaka kumi. Alikuwa ameshika ndoo.

"Ni Bibi," akasema. "Bibi ndiye alimpeleka. Walijaza vichupa vingi."

Macho yote yakahama kutoka kwa Neema yakaja kwangu.

Niliyajua macho hayo.

Nilizaliwa wilaya ya Iramba, katika kijiji kilicho mwendo wa asubuhi moja kutoka Ulemo. Dada yangu Eliza alibeba mimba ya kwanza mimi nikiwa na miaka kumi na moja. Mwezi wa nane alivimba miguu, kisha mikono, kisha uso. Wanawake walimsifia. Walisema amenona, mimba imemkubali, atazaa dume. Kichwa kilipomuuma alikifunga kwa kanga akaendelea na kazi. Mchana mmoja, akipepeta uwele, alianguka akakakamaa, mwili ukaanza kujipiga chini. Walimfunga mikono kwa kamba ya ng'ombe. Walimwingiza mpini wa mwiko mdomoni asijing'ate ulimi, na mwiko ukavunja meno mawili ya mbele. Nilikuwa karibu, niliyasikia yakivunjika. Alikufa kabla jua halijazama, mtoto akiwa tumboni.

Wanaume wakakaa pale pale, maiti haijapoa, wakauliza: nani alimpa huyu kitu cha kula?

Nami nikajibu. Nikasema, Shangazi Nsia alimpa udongo.

Ndiyo, shajara. Ni mimi.

Ilikuwa kweli. Shangazi Nsia, dada yake baba, alikuwa mjane mwenye nyumba yake ndani ya uwanja wetu, na tangu mwezi wa nne alikuwa akimletea Eliza udongo wa kichuguu, kama kila mwanamke wa kijiji kile alivyomletea kila mjamzito. Eliza mwenyewe alikuwa akimwomba. Nilisema kwa sababu niliulizwa, na kwa sababu katika watu wote pale mimi peke yangu nilikuwa na jibu, na mtoto aliyezoea kusifiwa darasani hujibu.

Walimpiga Shangazi kwa michi ya kinu chetu wenyewe mpaka akafa. Alikuwa na sauti nyembamba. Aliita jina la baba, halafu akaita langu. Halafu wakawasha nyumba yake, na upepo wa siku ile ulikuwa kama huu wa leo, moto ukavuka ukachukua na yetu. Tuliondoka na mbuzi mmoja na sufuria. Baba alipata kibarua cha kufyeka vichaka kando ya reli, ndiyo tukafika Itigi. Miaka sitini. Sijawahi kurudi, na watu wa hapa bado wananiita yule Mnyiramba.

Baba, ambaye saa ile alikuwa machungani, alikufa akiamini kuna adui aliyemtaja dada yake. Sikumwambia. Mume wangu sikumwambia. Nimesoma kila nilichopata kuhusu ugonjwa huu, nimewafundisha wajawazito wa mtaa mzima dalili zake, na kila mwaka nimejiambia kwamba huko ndiko kulipa. Siyo kulipa. Ni kuzungukazunguka.

Leo nikasimama uwanjani kwa Elia, nimeshikwa mikono, na mtoto wa miaka kumi amenitaja.

"Ameiuza!" Mama Elia akasema. "Damu ya mtoto wa watu ameiuza!" Bonge la udongo likanipiga shingoni. La pili likapita sikioni. Nikaona mwanaume mmoja anaokota nusu tofali, anaipima uzito mkononi bila haraka, na nakiri kwamba wazo langu la kwanza halikuwa kujitetea. Wazo langu la kwanza lilikuwa: imechelewa, lakini imefika.

Aliyeniokoa ni Neema.

"Bibi," akasema, akiwa bado chini. "Naona vimulimuli. Kichwa kinapasuka."

Kisha akakakamaa.

Sitapamba. Macho yaligeuka yakawa meupe. Taya likafunga, damu ikatoka pembeni ya mdomo. Mgongo ule uliochapwa ukajikunja kwa nyuma, na mwili mzima ukaanza kugonga ardhi, visigino, viwiko, kichwa, karibu kabisa na mafiga. Mtu akapiga kelele kwamba mchawi amemwangusha mbele ya watu. Mama Elia alikuwa tayari ameshika kijiko. Mwingine anavuta kamba ya kuanikia nguo.

Nilitoa sauti ambayo sijaitoa tangu nistaafu.

"Kijiko chini! Kamba chini! Msimfunge! Mlazeni ubavu wa kushoto, ondoeni mafiga!"

Watu wazima wakaganda. Aliyeniacha mdomo wazi ni Tumaini. Aliitupa ndoo, akapiga magoti, akayasukuma mafiga kwa mikono mitupu, moja lilikuwa bado la moto, akaweka mapaja yake chini ya kichwa cha wifi yake.

Na simu ya Elia ikalia. Ilikuwa imeanguka vumbini kando ya mkanda. Aliiokota kama mtu aliyelala, akaweka sauti ya nje.

"Mbona hamjatoka?" Alikuwa nesi Zaituni. "Nimepiga mara nne hupatikani."

"Ameanguka," Elia akasema. "Anatetemeka. Ana povu."

"Ni kifafa cha mimba. Ndiyo majibu yenyewe, kaka, damu ilionyesha kondo halifanyi kazi vizuri. Usimlete huku, ni mbali. Mkimbize hospitali ya hapo hapo Itigi, waambie anahitaji sindano ya magnesiamu. Sasa hivi!"

"Siyo... siyo ule ugonjwa?"

"Ugonjwa gani?"

Upepo ulikuwa unavuma kwenye simu upande wetu, na upande wa pili nesi alikuwa anaita, kaka, unanisikia, kaka. Jirani akaniachia mikono. Nusu tofali nikaisikia ikidondoka.

Tulimpakia kwenye guta la Elia, pikipiki ya magurudumu matatu anayobebea ndoo za asali. Nilikaa nyuma nimemlaza ubavu, harufu ya nta na moshi wa mizinga kila mahali, na Elia akaendesha kama mwendawazimu, mdomo wake unavuja damu niliyoitoa mimi. Njiani Neema alikakamaa mara ya pili. Nilihesabu sekunde kwa sauti, maana mwalimu wa sayansi hajui kuomba vizuri.

Walimchoma sindano mlangoni, akiwa bado kwenye guta. Walimpasua kabla ya saa sita. Mtoto ni wa kike, hajatimia kilo moja na nusu, amelia mara moja kama paka kisha wakampeleka kwenye joto. Anapumua.

Daktari alipotoka nilimuuliza kama mkanda ndio ulioleta kifafa. Nilitaka aseme ndiyo. Naandika hili kwa aibu. Nilitaka sana.

Alisema ugonjwa ulikuwa njiani tangu zamani, damu iliyochukuliwa wiki mbili zilizopita ndiyo ushahidi. Alisema pia kwamba mkanda ule ungeweza kuling'oa kondo, na mama na mtoto wangekufa pale pale uwanjani kwa kutokwa damu.

Elia alisikia nusu ya kwanza.

"Kwa hiyo siyo mimi, daktari?"

Mkono wangu ulitafuta mkongojo ambao haupo. Maana nimeishi miaka sitini nikitamani kuwe na kichupa cha damu cha kumtoa Shangazi Nsia hatiani, na leo kichupa kimepatikana, na wa kwanza kukikimbilia ni mwanaume mwenye mkanda. Shangazi alitoa udongo kwa upendo, na hakuua mtu. Elia hakuleta kifafa, lakini mgongo ule ni kazi ya mikono yake. Daktari ameuona, nesi ameuandika, na mimi nimeagiza kutoka polisi PF3, fomu ya mtu aliyejeruhiwa, ninayo hapa chini ya paja.

Mama Elia alikuja saa nane na chupa ya uji. Alisimama mbali kidogo.

"Mama, tulijua ni ule ugonjwa," akasema.

"Na kama ungekuwa ule ugonjwa?"

Aliiweka chupa kwenye benchi akaondoka. Uji bado upo, sijaugusa.

Tumaini amebaki. Viganja vyake vimefungwa bandeji. Alikuja polepole, akasimama mbele yangu, kichwa chini.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi ndiye nilisema."

"Uliulizwa, ukajibu. Hukusema uongo."

Alifikiri. "Wangekupiga?"

"Wangenipiga."

"Mpaka ufe?"

Ningeweza kumwambia hapana. Ni mtoto, mikono inamuuma. Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia nilikuwa na shangazi anaitwa Nsia, alikuwa na sauti nyembamba, na nikamweleza yaliyompata na nani alimtaja. Nimelisema jina hilo kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu nikiwa na umri kama wake, na msikilizaji alikuwa mtoto mwenye bandeji. Hakulia. Aliniuliza kama baada ya hapo nilikuwa naogopa kujibu maswali darasani. Nikamwambia ndiyo, kwa miaka miwili.

Sasa ni saa kumi na moja. Niliacha kuandika, nesi wa wodi alitoka.

Neema ameamka. Presha inashuka. Ameuliza mtoto yuko wapi, ameambiwa, amecheka kidogo kisha akashika mgongo. Anauliza kwa nini mgongo unamuuma hivi, ameanguka wapi. Hakumbuki chochote tangu chai ya asubuhi. Nesi anasema kifafa hufanya hivyo, hufuta.

Elia alikuwa amekaa upande wa pili wa mlango. Ameyasikia maneno hayo kama nilivyoyasikia mimi. Ameinua uso akanitazama, mdomo umevimba, macho yamejaa maji, na sikuhitaji aseme. Alikuwa ananiomba. Kama Neema hakumbuki, basi halikutokea. Mtoto yupo, mama yupo, tuanze upya.

Nakiri ilinivuta. Kwa dakika nzima, labda mbili. Naujua utamu wa jambo lisilojulikana na mtu, nimeishi ndani yake tangu utotoni, nimejenga, nimezaa, nimestaafu humo. Kila siku ni salama. Na kila siku kuna mwanamke anayeita jina lako.

Nesi anasema aingie mtu mmoja tu. Elia amesimama. Nami nimesimama, nimeegemea bega la Tumaini kwa kuwa mkongojo sina, na nimemwambia Elia akae chini. Amekaa.

Naingia. Nitaanza na mkanda, leo, akiwa amenishika mkono. Habari ya udongo nitamwambia kesho.